Matone ya Thuo na Firigisi Yangu

Jumatatu, 1 Septemba

"Dawa ambayo hakuna aliyeipima si dawa, ni kubahatisha." Maneno ya Lydiah, nesi, jirani yetu hapa Mbotela. Kayatamka leo jioni sebuleni kwangu, akinywa chai yangu. Mke wangu Asenath akatikisa kichwa kumkubalia.

Nayajibu hapa kwa sababu sebuleni sikupewa nafasi. Kwanza, nani aliupima ugali? Babu zangu waliula bila cheti cha maabara na wakazaa ukoo mzima. Pili, ndoa yangu haikupimwa na mtu yeyote na bado imesimama. (Hili nililisema kwa sauti. Asenath akasema ingepimwa mapema, mengi yangeepukwa.) Tatu, Lydiah mwenyewe akishikwa na mafua hutia kitunguu saumu puani. Nimemwona uani kwa macho yangu. Nesi wa serikali, kitunguu puani, ananihubiria mimi habari za vipimo.

Niandike jambo lenyewe, ili vizazi vijavyo visipotoshwe. Mimi ni Luseno, muuzaji wa vitabu kuukuu kando ya Jogoo Road. Nimesoma vitabu vingi kuliko nilivyouza. Huwaandikia barua wahariri wa magazeti yote ya nchi hii, na mpaka leo wote wameogopa kuzichapisha. Nina adui mmoja tu asiyeweza kushindwa kwa hoja, naye ni kuku.

Mluhya asiyekula kuku. Najua. Nimesikia mizaha yote. Nilimla miaka yote hiyo bila tatizo. Kisha mwaka juzi, kwenye matanga ya shangazi, nikala paja moja. Midomo ikafura, macho yakafunga, koo likabana, nikazindukia hospitalini. Wakanipima. Wakasema ni mzio wa kuku, yaani aleji, na kwamba hakuna dawa, niepuke tu. Kumwambia Mluhya wa Vihiga aepuke kuku ni sawa na kumwambia askofu aepuke kanisa.

Nimeepuka. Lakini Jumamosi ya tarehe 13 wazazi wa Owen wanakuja kujitambulisha. Owen ndiye kijana anayetaka kumwoa binti yetu, Shirleen. Watu wake wanakaa Kayole, asili yao ni Nyeri. Tutawachinjia kuku, hilo halina mjadala. Na katika ukoo wetu firigisi ni ya mwenye nyumba, na anayekula firigisi ndiye anayesema kwa niaba ya nyumba siku hiyo. Asipoila, anaila anayemfuata kwa umri. Yeye ndiye anayeketi katikati, yeye ndiye anayejibu wageni.

Anayenifuata ni Patrobas.

Patrobas ni mtoto wa baba yangu mdogo. Msimamizi wa zamu katika kiwanda cha sabuni, mtaa wa Baba Dogo. Hajamaliza kusoma kitabu hata kimoja maishani mwake, na kila sentensi yake huanza na "kimsingi". Alinipigia simu jana, kwa sauti ya mtu aliyefiwa, akasema kimsingi yuko tayari kunibebea mzigo wa firigisi. Nimeambiwa ameshanunua suti.

Basi leo, nikirudi kutoka dukani, nikaona karatasi imebandikwa kwenye nguzo ya stima. MPANGO WA KUZOESHA MWILI. ALEJI YA CHAKULA CHOCHOTE. WIKI MBILI TU. MTAALAMU THUO, KAYOLE, SPINE ROAD, JUU YA SALUNI.

Mimi si mtu wa kudanganywa na nguzo. Nitaenda kuuchunguza mpango huo kama msomi.

Jumatano, 3 Septemba

Nimerudi kutoka Kayole. Nimemhoji Thuo bila huruma.

Ni mwembamba, ana koti jeupe lenye kalamu nne mfukoni, na sauti ya mtangazaji wa vifo redioni. Nikamuuliza amesomea wapi. Akasema elimu ya mwili haisomewi, husikilizwa. Nikaandika. Nikamuuliza amewaponya wagonjwa wangapi. Akasema wote waliopona. Nikalipindua jibu hilo huku na huku. Halina tundu.

Nikamuuliza utafiti uko wapi. Akainama kidogo, kama mtu aliyeguswa kidonda. Akasema utafiti wa wazungu hutaka nusu ya wagonjwa wapewe maji matupu bila kujua, na dhamiri yake haimruhusu kumpa mtu maji na kumwambia ni dawa. Nikiri hapa kwamba nilivutiwa. Dhamiri ni kitu adimu Spine Road.

Nikamwambia mimi ni mwandishi. Akavua miwani. Akasema ameona wagonjwa wa kila aina, lakini waliosoma sana ndio hupona upesi, kwa kuwa mwili wao umezoea kuelewa mambo. Sikutaka kushawishika. Lakini ukiitazama kwa makini, ni hoja nzito.

Mpango unaendeshwa hivi. Unashika kijiti cha shaba mkono wa kushoto. Thuo anapitisha unyoya wa kuku mbele ya uso wako, nawe unautazama bila chuki. Kisha unapewa chupa ya matone yenye kiini cha kuku, kidogo sana. Unaweka chini ya ulimi asubuhi na jioni, ukiongeza tone moja kila siku. Mwili unamzoea kuku polepole, akasema, kama vile mume anavyomzoea mama mkwe. Nilipiga chafya kwa sababu ya unyoya. Akasema hiyo ni hasira inatoka.

Nikadai shahidi. Akapiga kelele kuelekea chini, akapanda Triza, mwenye saluni, mikono ikiwa na povu. Triza alikuwa na aleji ya kamba, wale wa baharini. Amepona kabisa. Nikamuuliza amekula kamba wangapi tangu apone. "Aii, mzee, kamba wataka niwatoe wapi?" Hajawahi kuwala kabla wala baada. Lakini zamani akiwaona kwenye runinga tumbo lilikuwa likimsokota, na sasa anawatazama tu, poa.

Huo ni ushahidi. Si mkubwa, lakini ni ushahidi, na umetolewa na mtu asiye na sababu ya kusema uongo, mbali na kwamba Thuo ndiye anayempangisha chumba cha saluni.

Sijaamua. Nimenunua chupa tu.

Ijumaa, 5 Septemba

Vita nyumbani.

Lydiah ameikagua chupa kwenye mwanga kama askari anayekagua leseni. Haina maandishi. Hakuna wa kujua kama ndani kuna kuku kiasi cha kuua au hakuna kuku hata kidogo, akasema. Akaongeza kwamba kuna hospitali huko nje ambako mtu huzoeshwa chakula kidogo kidogo, ila si vyakula vyote, na hufanywa mbele ya daktari aliye tayari, kwa miezi mingi, na hata hivyo mtu anaweza kufura pale pale kitini. "Huyu wako amesikia nusu ya habari, Baba Shirleen, halafu akafungua ofisi." Akaomba kitu kimoja. Nimletee mtu mmoja tu aliyepimwa hospitalini kabla ya matone na akapimwa tena baadaye.

Nikamwambia hicho ni kiburi cha hospitali. Halafu nikatoka nje nikampigia Thuo. Akasema waliopona hawapendi kupimwa, maana kipimo huwakumbusha ugonjwa. Nikarudi ndani na jibu hilo. Lydiah akacheka mpaka ikabidi ashikilie kabati.

Kisha Shirleen akaingia kutoka kazini. Hufundisha chekechea, kwa hiyo huongea na watu wote polepole. Akaketi kwenye mkono wa kiti changu, akanishika bega. Akasema hajali nani atakula firigisi, hata paka akiila ni sawa. "Mimi nataka mtu wa kunishika mkono Desemba nikiingia kanisani, Daddy. Na nataka awe anapumua."

Nimefarijika kuona anavyotambua uzito wa nafasi yangu.

Basi nikasimama, nikatoa uamuzi. Nimezipima hoja za pande zote mbili. Upande mmoja kuna hospitali iliyokiri kwa mdomo wake kwamba haina dawa. Upande wa pili kuna mtu anayesema anayo. Msomi anayemchagua anayesema hana ni msomi wa aina gani? Nitatumia matone.

Nilisubiri Asenath alipuke. Hakulipuka. Alimtazama Lydiah, Lydiah akamtazama, kisha akasema kama nimeamua basi chupa ikae kwenye friji isiharibike, na yeye mwenyewe atakuwa akinipimia matone kwa kijiko, kwa sababu mikono yangu hutetemeka.

Hiyo ndiyo nguvu ya hoja. Mwanamke aliyepinga saa moja jioni, saa mbili ameshakuwa msaidizi wa tiba.

Jumapili, 7 Septemba

Matokeo ya ajabu.

Sijafura. Sijawashwa. Nimelala usingizi wa mtoto mchanga. Goti la kulia, lililonisumbua tangu nianguke kwenye mtaro wa Jogoo Road, limenyamaza. Hata herufi ndogo kwenye kamusi nazisoma bila kusogeza kitabu mbali.

Jambo moja tu lilinishangaza. Thuo alinionya kwamba matone ni machungu, nami nayaona matamu kidogo. Nikampigia. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika, kisha akasema utamu huwajia wachache tu ambao mwili wao umekubali. Nikamwambia Asenath. Akasema, "Bwana asifiwe," na akaenda jikoni haraka, mabega yakitikisika. Sijamwona akilia kwa furaha tangu Shirleen alipozaliwa.

Baada ya ibada nikampigia Patrobas. Nikamwambia anaweza kurudisha suti dukani. Akasema kimsingi atakuja nayo tu, mtu hawezi kujua. Nimegundua pia kwamba amewaambia mashangazi ninakunywa maji ya mganga. Mganga! Nimewaandikia kwenye kundi la simu la ukoo hoja ndefu yenye kichwa "Firigisi na Haki: Jibu kwa Wazushi." Saa nzima hakuna aliyejibu. Kisha Patrobas akatuma picha ya kuku wa kuchemshwa. Mashangazi sita wakaipenda.

Jumanne, 9 Septemba

Kayole tena. Nilikuwa na wazo la kisayansi. Nilimwambia Thuo tununue kipande kidogo cha kuku pale chini, nikile mbele yake, tujue mbichi na mbivu.

Akabadilika rangi. Akasema hapana, hapana, mzee wangu, kujaribu ni kutia shaka, na shaka huvunja matone. Nikaona nimekosea. Mtu aliyepona hana haja ya kujaribu kama amepona, kama vile mimi sina haja ya kujijaribu kama ninajua kusoma.

Ili kunituliza akanipa cheti. Kina mhuri na picha ya kuku anayetabasamu. Kinasema Bwana Luseno amepona kabisa aleji ya kuku tarehe 13 Septemba. Nikamwambia leo ni tarehe 9. Akasema yeye huandika kwa imani.

Nimekitundika sebuleni, juu ya runinga. Lydiah amekisoma mara mbili, akauliza kama ofisi hiyo hutoa na cheti cha kifo mapema, familia isisumbuke foleni. Wivu wa taaluma.

Alhamisi, 11 Septemba

Njama!

Nilikuwa uani nikirekebisha hotuba yangu. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Nikamsikia Lydiah akisema tumkatie figo la mbuzi, dogo, tulipike kwenye sufuria yake peke yake, lifanane na firigisi. Asenath akauliza kama nitajua. Lydiah akasema huyo atakuwa akijisikiliza hotuba, hata ukimpa soli ya kiatu atatafuna. Yeye atakaa mlangoni na mkoba wake, lolote likitokea.

Nilibaki nimeshika karatasi hewani. Figo la mbuzi. Mbele ya wageni. Mwenye nyumba atafune figo huku firigisi ya kweli ikiwa wapi? Hakuna haja ya kuwa mpelelezi. Iko kwenye sahani ya Patrobas. Wamenunuliwa. Mke wangu mwenyewe na nesi wa serikali wamenunuliwa na mtu wa sabuni.

Mtu aliyesoma historia anajua kwamba majenerali wengi walishindwa kwa sababu ya kuongea mapema. Nimepanga la kufanya. Siku yenyewe nitavaa koti lenye mfuko wa ndani.

Ijumaa, 12 Septemba

Hotuba imekamilika, kurasa kumi na moja. Inaanzia kwenye maana ya nyumba, inapitia makosa ya serikali ya kaunti, inaishia kwa Shirleen.

Owen amepiga simu, kijana mwenye adabu. Kasema wazee wao wana wasiwasi, hawajawahi kuketi na Waluhya katika jambo zito kama hili na wanaogopa kukosea. Kwa hiyo amewaagiza wafuate kila desturi yetu bila kuuliza. Tukisimama, wasimame. Tukinyamaza, wanyamaze. "Wako tayari kwa lolote, mzee." Nikamwambia desturi zetu ni nyingi na ni nzito. Akasema amewaambia hivyo hivyo.

Patrobas kanitumia ujumbe. Anauliza suti ya kijivu inafaa kimsingi kwa msemaji au ni nzito mno. Nimeufuta.

Jumapili, 14 Septemba

Naandikia kitandani, hospitalini. Naweza kuona kwa macho yote mawili tangu saa nne asubuhi ya leo.

Nitasema yaliyotokea jana bila kupendelea upande wowote.

Saa nne niliingia jikoni wakati wanawake wako nje wakipanga viti. Sufuria kubwa ilikuwa motoni. Nikafunua, nikavua firigisi kwa uma, nikaifunga kwenye foili, nikaitia mfuko wa ndani wa koti. Iliniunguza kifua. Nilivumilia.

Wageni wakafika watu wanane. Kiongozi wao ni Mzee Wahome, baba yake Owen, muuza mabati na nyaya, mtu mrefu mwenye kofia na uso usiosema kitu. Niliketi katikati. Patrobas akaketi karibu yangu na suti ya kijivu. Lydiah alikuwa mlangoni mwa jikoni, amevaa sare, mkoba mkononi.

Asenath akaniwekea sahani. Juu yake kipande kidogo cheusi. Figo la mbuzi, wazi kabisa. Nikasimama. Wageni wote wanane wakasimama. Nikawaashiria waketi, wakaketi. Nikasema kwa sauti kubwa kwamba katika nyumba hii ukweli haubadilishwi na kitu kingine jikoni, nikaingiza mkono kwenye koti, nikaitoa firigisi ya kweli, nikaifungua mbele ya macho yao. Nilisikia Asenath akisema, "Baba Shirleen, wacha," kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kumsikia nayo. Patrobas alinyanyuka nusu.

Nikala. Nilitafuna taratibu nikimtazama Patrobas. Nikameza.

Nikaanza. "Wageni wetu waheshimiwa, nyumba ni nini?" Hiyo sentensi ilitoka safi kabisa, mashahidi wapo. Ya pili haikutoka. Mdomo wa chini haukuwa wangu tena. Machozi yakaanza kunitiririka, pua ikaziba, nikabaki nimesimama na kurasa kumi na moja mkononi, bila neno.

Mzee Wahome akavua kofia. Akawageukia watu wake, akasema kwa sauti ya chini kwamba katika umri wake wote hajaona baba anayempenda binti namna hii. Akatoa kitambaa, akafuta macho. Nyuma yake mama mmoja akaanza kulia kabisa.

Kisha koo likabana. Nakumbuka Shirleen akiita, si Daddy, bali "Baba, Baba," kama alipokuwa mdogo. Nakumbuka meza ikisukumwa. Lydiah alifika kwa hatua mbili, akanilaza sakafuni, akanidunga pajani sindano ya adrenalini, kupitia suruali. Akainua miguu yangu juu ya kochi.

Wageni wote wanane walisimama kwa heshima, kofia kifuani. Hakuna aliyeuliza swali. Na hapo, kama nilivyosimuliwa na watu watatu tofauti, Mzee Wahome akashauriana na ndugu yake kwa sikio, akaweka fimbo chini, akaanza kukunja mguu wa suruali kuelekea pajani. Akamwinamia Patrobas, akamuuliza kwa upole kama ni sindano kwa kila mtu au moja inatosha ujumbe mzima.

Patrobas akamwambia ni ya mwenyeji peke yake. Hakusema "kimsingi". Hilo ndilo neno la kwanza alilolisema kama msemaji wa nyumba yangu, na baada ya hapo hakunyamaza. Nasikia walikubaliana yote vizuri.

Mimi nilipelekwa kwa pikapu ya Mzee Wahome, yeye mwenyewe akiendesha, mkono kwenye honi, kichwa changu kwenye mapaja ya Lydiah na miguu juu ya bunda la nyaya. Daktari alisema ningechelewa kidogo, kusingekuwa na hotuba tena.

Jioni Asenath aliketi kando ya kitanda. Akanishika mkono na akaniambia. Chupa ya Thuo aliimwaga kwenye sinki Ijumaa ile niliyotoa uamuzi. Akaijaza maji yaliyochemshwa na sukari kidogo. Kama mle ndani mlikuwa na kuku, matone yangeniua. Kama hamkuwa na kuku, yalikuwa maji tu, na maji nyumbani yapo. Kisha wakapanga lile figo, nile kitu salama, nitoe hotuba yangu, nifurahi. "Ningekuambia ukweli, ungeenda kununua chupa nyingine." Alikuwa akilia.

Nilitaka kumjibu kwa hoja tatu. Koo bado lilikuwa halijafunguka.

Leo asubuhi Shirleen amekuja. Macho mekundu, hakulala. Alizungumza polepole kama anavyozungumza na wale watoto wake. Akasema hatanigombeza. Ananiomba niape jambo moja. Nikikanyaga tena Kayole kwa huyo mtu, Desemba atashikwa mkono na Ankal Patrobas. Amesema na suti ya kijivu inafaa.

Nikaapa. Niliushika mkono wake na nikaapa, na niliapa kwa moyo wote.

Jumatano, 17 Septemba

Nyumbani. Kichwa kimetulia. Wakati wa kufikiri.

Lydiah anatembea uani kama mtu aliyeshinda kesi. Nimemsikia akimwambia Asenath kwamba sasa Baba Shirleen amejionea mwenyewe. Amejionea nini? Tuichukue hoja yake tuitazame kwa jicho la elimu. Alidai mtu aliyepimwa kabla na baada. Haya, mimi nilipimwa kabla, na Jumamosi nikapimwa baada, hadharani. Lakini katikati nilikunywa nini? Maji na sukari. Kwa hiyo kilichoshindwa ni maji na sukari. Matone ya Thuo hayajajaribiwa. Hayajashindwa, kwa sababu hayajaingia uwanjani. Nangoja mtu anioneshe kosa katika hoja hii.

Na zaidi. Goti langu lilipona kwa maji yaliyokaa kwenye chupa ya Thuo. Maji tu. Kama chupa tupu inatibu goti, kilichokuwa ndani yake kilikuwa na nguvu gani? Swali hili nimemuuliza Asenath wakati wa chai ya asubuhi. Alishika kichwa kwa mikono miwili.

Nimempigia Thuo. Aliguswa sana. Kasema katika miaka yake yote ya kazi hajawahi kusikia mgonjwa aliyehujumiwa namna hiyo, na ananiwekea chupa mpya, yenye nguvu mara mbili, ili kufidia muda uliopotea. Kuna kuku kwenye harusi ya Desemba, na meza ya wazazi ina sahani yake.

Nilikumbuka kiapo. Mimi si mtu wa kuvunja neno langu, hasa nililompa binti yangu. Niliapa sitakanyaga Kayole, na sitakanyaga.

Thuo anakuja Mbotela.

Kwenu Asenath, Shirleen na Lydiah, maana najua mnaisoma shajara hii nikiwa dukani. Hili ni dai, si ombi. Jumanne alasiri mgeni wangu atabisha mlango. Asenath, mpikie chai ya maziwa na usiisogelee chupa yake. Shirleen, mwamkie vizuri, usiongee naye polepole, si mtoto. Nawe Lydiah, omba ruhusa kazini siku hiyo, ukae palepale mlangoni mwa jikoni na mkoba wako, na uhakikishe sindano imo. Si kwamba nina shaka.